Barua kwa mwanangu: mionzi ya tantini

Mwanangu,

Umeniuliza: tantini akipigwa mionzi kwenye donge moja la kansa pafuni, na madonge mengine yasiyoguswa yatanywea? Imewahi kuonekana. R. H. Mole aliipa jina mwaka 1953, abskopali, yaani nje ya shabaha. Kwa mionzi peke yake ni nadra. Mimi ningeuliza kwanza: askari wa mwili watabaki hai?

Seli za donge zikifa humwaga vipande vyake. Chembe za doria huviokota na kuvipeleka kwenye tezi la limfu lililo karibu. Humo ndimo limfosaiti za T, chembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wenyewe, hufundishwa sura ya adui, kisha husambaa na damu. Lakini limfosaiti ni dhaifu mno. Grei ndiyo kipimo cha mionzi; grei 2, dozi ya kawaida ya siku moja, zinaua nyingi. Ukipiga donge pamoja na tezi, umechoma shule na wanafunzi wake. Shabaha kwanza, nguvu baadaye.

Unakumbuka mionzi yake ya kwanza kule Lusaka: grei 45 kwa mapigo 25, nyonga nzima, na maji kipimo kilekile kabla ya kila pigo, kibofu kijae kiusukume utumbo juu. Jumapili moja tantini akajisugua kwa dodoki, akafuta misalaba ya wino ya kulengea mionzi kiunoni, eti haendi kwa dokta na uchafu. Jumatatu akarudishwa kwenye skana, alama zikachorwa upya. Mlicheka wote. Mimi bado inaniuma, maana nyonga ina uboho mwingi, kiwanda cha chembe za damu, na limfosaiti zake zilishuka vibaya. Lakini bila nyonga nzima, angekuwepo leo? Pengine hapana. Basi nguvu nayo ina haki yake.

Ila ina mtego. Katika panya, grei 8 mara 3 ziliamsha kinga kuliko grei 20 kwa pigo moja: dozi kubwa mno huamsha kimeng'enya TREX1, kinachokula vipande vya DNA ambavyo vingeipigia kinga kengele. Na askari waliofundishwa bado hufungwa breki na donge. Dawa ya pembrolizumab ndiyo huifungua breki hiyo. Akipewa hiyo pamoja na mionzi ya kifua, kikohozi kikavu na pumzi fupi asiviite mafua, hata miezi ikiwa imepita: huenda pafu limevimba.

Unataka niseme aende tena Lusaka au asiende. Ulimi unaniwasha. Shabaha kwanza, na hiyo shabaha sijaiona. Nitumie picha mpya za skana, na hesabu ya limfosaiti ya mwezi huu, kabla hajakata tiketi ya Kasumbalesa, pale mpakani mwa Kongo na Zambia.

Papa yako