Dawa ileile, matokeo tofauti

Dada, umeuliza mbona methilfenideti (dawa ya ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini) inasifiwa kwenye tafiti lakini mwanao saa za jioni hashikiki. Tazama utafiti wa MTA wa Marekani (1999), uliolinganisha matibabu ya ADHD: watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, miezi 14. Hata walioachiwa madaktari wao wa kawaida, karibu theluthi mbili walipewa dawa, ila walipata nafuu ndogo kuliko waliopewa dawa na watafiti. Kilichotofautiana ni usimamizi: watafiti walimtafutia kila mtoto dozi yake kwa siku 28, wakampa mara 3 kwa siku na kumwona kila mwezi. Kidonge cha kawaida huisha nguvu baada ya saa 4 hivi. Andika saa anayoanza kuhangaika, mpelekee daktari. Usiongeze dozi mwenyewe. (Kufikia mwaka wa 3 makundi ya utafiti huo yalikuwa yameshalingana kwa nafuu, hilo nalo lijue.)