Uliza Fundi wa Tangi: "Kitatange wangu anahema mbiombio"

*Shikamoo Fundi. Miezi miwili iliyopita niliwanunulia wanangu kitatange mdogo, hajafika urefu wa kidole, buluu iliyokoza na mistari myeupe iliyopinda kama mwezi mchanga. Tangi letu ni la lita 120. Maji yakipungua, kijana wa nyumbani huteremka ufuoni na ndoo, akaongeza. Sasa wiki nzima samaki amejibanza nyuma ya jiwe, anahema mbiombio, hata kamba wa kukatakata hataki. Aliyeniuzia asema ni upweke, nimtafutie mwenzake. Ni kweli?*
— Mama wa watoto watatu, Nyali

Marahaba, mwanangu. Hilo la upweke liweke kando kabisa. Mama yangu, Mungu amrehemu, mtu mchonganishi alikuwa akimwita kitatange, na mimi niliyewavua samaki hao miaka 18 kati ya Shimoni na Kilifi sijaona sababu ya kumbishia. Watie wawili wa aina moja ndani ya lita 120, watararuana mapezi hadi abaki mmoja.

Kilichonishtua ni ile ndoo. Maji yanapopungua tangini, yanayopaa ni maji matupu. Chumvi haipai, inabaki mle mle. Nawe kila mara unaongeza maji ya bahari, chumvi juu ya chumvi, kwa miezi miwili. Nunua haidromita leo, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Inatakiwa isome 1.025 hivi, yako nakisia imeshapita 1.030. Ila usiharakishe kuishusha. Toa jagi mbili kubwa kwa siku, urudishe jagi mbili za maji ya mfereji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Pima kila asubuhi. Ikifika 1.025 acha, na kuanzia hapo maji yakipaa ongeza ya mfereji tu, yaliyolala vivyo hivyo. Ya bahari ni ya kubadilishia, na kijana ayateke maji yakiwa yamejaa, mbali na mahali mitaro inapomwaga uchafu. Pima pia amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki: ikiwa si sufuri, badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo.

Akianza kutoka mafichoni, mpe mwani. Baharini hula sponji na mwani kuliko nyama. Zile karatasi za mwani za Kijapani zinafaa, zisizotiwa mafuta wala chumvi. Mbanie moja kwenye kioo kwa kibanio cha plastiki kisicho na waya.

Sasa neno ambalo muuzaji hakukwambia. Huyo ni mtoto. Akikua, mistari hiyo itafutika, mwili utageuka kuwa wa kijani na manjano wenye madoa ya buluu, na mkiani itatokea michoro inayofanana na hati ya Kiarabu. Ndiyo maana Wazungu humwita samaki wa Kurani. Hufika sentimita 40. Mimi simweki mkubwa chini ya lita 700. Kwa hiyo akipona, mtafutie mwenye tangi kubwa, wala usimrudishe baharini, maana anaweza kuwapelekea wenzake ugonjwa wa tangini. Watoto watafutie kitatange kibete wa huku huku kwetu, mgongo wa rangi ya chungwa, tumbo la buluu, asiyezidi sentimita 8. Hata huyo ningempa lita 200.

Siku ya kumtoa, usitumie kimia. Kitatange ana mwiba chini ya shavu, nao hunasa kwenye nyuzi. Mwaka wangu wa kwanza nilimvuta mmoja kwa nguvu. Mwiba ukatoka na ngozi ya shavu, na tajiri akanikata mshahara. Zamisha jagi ya plastiki, msukume polepole aingie, mtoe pamoja na maji yake.

*Fundi, nina matumbawe hai tangini, yamenigharimu sana. Nikiweka kitatange mkubwa, atayala?*
— Msomaji, Tanga

Atayadonoa. Pengine si wiki ya kwanza. Wapo wanaokaa miezi kama wageni wenye adabu, kisha asubuhi moja unakuta tumbawe limejikunja, halifunguki tena. Na akiugua, dawa ya shaba inayomtibu ugonjwa wa vidoa vyeupe itakuulia matumbawe yote. Chagua kimoja, bwana, au ununue tangi la pili.