Mvua ya Bagamoyo haiujazi Ruvu

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje Bagamoyo tunalowa wiki nzima halafu mto Ruvu bado uko chini. Mvua ya hapa inaanguka karibu na mdomo wa mto, inaishia baharini. Ruvu unategemea milima ya Uluguru kule Morogoro, kupitia mito inayoingia humo, Mgeta na wenzake. Kule kusiponyesha, hapa tutalowa bure.

Halafu vuli usiiamini. Masika angalau ina adabu kidogo (siku hizi nayo imeanza utundu), lakini vuli inafuata joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki. El Niño (Pasifiki ikipata joto kuliko kawaida) ya 1997 ilituletea mafuriko. La Niña (Pasifiki ikipoa) ikishika, mara nyingi tunaambulia rasharasha. Ilishika 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, na Oktoba 2022 Ruvu ulipungua mpaka Dar wakapewa maji kwa mgawo.

Mto ukipungua hivyo, maji ya bamvua (bahari inapojaa sana) yanapanda nao, chumvi inaingia ndani kuliko kawaida. Kwa hiyo kama unalima mpunga bondeni, sikiliza utabiri wa Morogoro pia, usiishie wa Pwani.