Maswali na Majibu: Baiskeli, Besiboli na Pesa za Watu

Kila msimu wa besiboli unapokaribia, barua za wanaotaka kuzunguka viwanja vya Marekani kwa baiskeli ili kuchangishia wagonjwa, yatima au shule huongezeka. Nimechagua hizi. Mengine yameulizwa mara nyingi mno, na hayo nimeyajibu kwa ufupi. Kuziba pancha na kusoma ramani nahesabu mnajua.

*Shikamoo. Niko Columbus, Ohio. Nataka kufika viwanja vyote 30 vya ligi kuu ndani ya msimu mmoja, nichangishie zahanati ya kijijini kwetu. Inawezekana?*

Marahaba. Inawezekana, kwa sababu watu wamejaribu na wamekaribia sana. Mwaka 2013 kijana mmoja wa Maryland, anayesikia kwa kifaa kilichopandikizwa sikioni, alianza kuzunguka viwanja vyote ili wengine nao wapate kifaa kama chake. Safari yake ilipangwa kuzidi maili 10,000, yaani zaidi ya kilomita 16,000. Habari yake husimuliwa sana, lakini wengi huruka sehemu hii: akiwa Florida, siku chache tu kabla ya kufika Miami, aligongwa na lori. Alipona. Barabara haikumhurumia kwa kuwa alikuwa anafanya wema, na wewe haitakuhurumia.

Sasa fanya hesabu. Msimu wa kawaida huanza mwishoni mwa Machi na kwisha mwishoni mwa Septemba, kama siku 185. Gawanya kilomita 16,000 kwa siku hizo upate zaidi ya 85 kila siku, bila siku ya mvua, bila siku ya homa, bila siku ya kukaa na kutazama mchezo wenyewe. Ukishikilia, anza na kusini. Phoenix uipite Aprili, kwani katikati ya kiangazi joto lake huvuka nyuzi 40. Florida usiibakize Septemba, mwezi wa vimbunga. Boston, Milwaukee na Minneapolis ziweke Juni hadi Agosti.

Hukuniuliza, lakini nakwambia: achana na 30. Chukua mkanda wa kaskazini mashariki. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1912 na kongwe kuliko zote, viwanja viwili vya New York, Philadelphia, Camden Yards ya Baltimore, na Nationals Park ya Washington. Ni viwanja sita, na kwa gari mwendo wote ni kama kilomita 700. Kwa baiskeli ni zaidi, maana utazunguka kukwepa barabara kubwa, lakini mtu mwenye mazoezi ya wastani ataumaliza ndani ya likizo yake ya kazi. Zahanati yako haitapata senti pungufu kwa sababu hukufika Seattle.

*Je, tunaweza kupita kwenye Interstate, zile barabara kuu za magari ya kasi, ili kuokoa muda?*

Swali hili linakuja kila mwaka, na kila mwaka hujibiwa. Mashariki ya nchi, hapana. Baadhi ya majimbo ya magharibi huruhusu baiskeli kwenye vipande vya mashambani ambako hakuna njia nyingine. Sheria ni ya jimbo, kwa hiyo soma ya kila jimbo kabla ya kuingia. Na anayeniandikia kwamba atapita usiku ili polisi wasimwone, namwomba asiniandikie tena mpaka aachane na wazo hilo.

*Baiskeli gani ni nzuri?*

Inayokutosha kimo, yenye gia nyepesi za mlimani, karia imara na nafasi ya tairi za milimita 35 au zaidi. Kampuni gani, si muhimu. Pesa unazotaka kuongeza kwa ajili ya jina, nunulia taa na kioo cha kutazama nyuma.

*Kikundi chetu hapa Dallas tunaandaa harambee ya baiskeli. Baadhi ya wenzetu wanasema si vibaya kutoa chakula na malazi ya waendeshaji kwenye michango, maana wao ndio wanaotoa jasho. Wengine tunaona aibu. Nani yuko sahihi?*

Mlioona aibu mko sahihi. Jasho ni mchango wa mwendeshaji. Likianza kulipwa kutoka kwenye pesa ya mgonjwa, aliyetoa amedanganywa, hata kama kila risiti ipo.

Fanyeni hivi. Gharama za safari ziwe na mfuko wake, na anayeuchangia ajue tangu mwanzo kwamba analipia tairi, chakula na malazi. Mchango wa hisani uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa shirika linalosaidiwa, usipitie mkononi mwa mtu yeyote wa kikundi. Mweka hazina asiwe mwendeshaji, maana aliyechoka baada ya kilomita 100 hawezi kusimamia hesabu. Jumla itangazwe kila wiki, hata wiki ambayo hakuna kilichoingia.

Shirika lenyewe lichunguzeni. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ina orodha ya wazi ya mashirika ya hisani yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani yale ambayo sheria ya kodi inayatambua kuwa ya hisani, na ripoti ya mwaka iitwayo Fomu 990 huonyesha mapato, matumizi na mishahara ya wakubwa. Msipoliona jina, ulizeni kwa nini kabla ya kupiga picha mkiwa na fulana zao. Ndugu wa Columbus naye asikilize hapa: pesa iliyotumwa kwenye akaunti yako binafsi ni zawadi kwako. Aliyeitoa hawezi kuiondoa kwenye kodi yake, na zahanati ya kijijini haina pa kusimama ikiidai. Tafuta shirika lililosajiliwa Marekani ambalo tayari linapeleka misaada eneo hilo, uandikiane nalo kabla hujapanda baiskeli.

Besiboli yenyewe ina habari ambayo kila mchangishaji angepaswa kuijua. Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko liliiangusha Managua, mji mkuu wa Nicaragua. Roberto Clemente, Mpuertoriko aliyekuwa nyota wa Pittsburgh Pirates, akakusanya misaada. Zikamfikia habari kwamba shehena za mwanzo zilikuwa zinaishia mikononi mwa watawala badala ya waathirika. Akaamua kusafiri na misaada yeye mwenyewe ahakikishe imefika. Ndege, iliyokuwa imezidishiwa mzigo, ilianguka baharini usiku wa tarehe 31 Desemba muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Rico. Mtu alikufa kwa sababu hakukubali msaada upotee njiani. Ninapoona kikundi kikijilipia hoteli kwa pesa ya wagonjwa, humkumbuka yeye, na hukasirika.

Jambo la mwisho kwenu. Pigeni hesabu ya tiketi za ndege, vifaa na malazi. Ikizidi kile mnachotarajia kuchangisha, tumeni pesa hizo kwa wagonjwa na mkaendeshe baiskeli mtaani kwenu.

*Kuna viwanja viwili ambavyo naweza kuviunganisha bila kupita kwenye magari kabisa? Nina watoto wawili wakubwa, tutakuwa pamoja. Niko Louisville.*

Pittsburgh na Washington. Natamani kila anayeniandikia angeanza na njia hii.

PNC Park, uwanja wa Pittsburgh, iko kando ya mto Allegheny, na daraja linalowavusha watazamaji kutoka katikati ya mji lina jina la huyo huyo Clemente. Siku za mchezo hufungwa kwa magari. Ng'ambo ya pili, kwenye ncha ambapo mito inakutana, ndipo inapoanzia Great Allegheny Passage, njia iliyotengenezwa juu ya reli za zamani. Ina kilomita kama 240 hadi Cumberland, Maryland. Kwa kuwa ilikuwa ya treni, mwinuko wake ni wa taratibu: mnapanda siku nzima mkidhani mko tambarare, hadi kilele cha mita 729, kisha mnateremka. Karibu na hapo kuna handaki la Big Savage, ambalo hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo msiende Machi.

Kuanzia Cumberland mnashika njia ya kando ya mfereji wa zamani, C&O, kilomita 297 hadi Georgetown, Washington. Hapa mambo hubadilika. Ni udongo na changarawe, na ikinyesha ni tope la kukwama tairi nyembamba. Kuna handaki la Paw Paw, karibu kilomita moja ya matofali na giza. Washeni taa na msukume baiskeli kwa mkono, njia ni finyu na chini kuna maji. Kambi ndogo za wasafiri wa miguu na baiskeli zipo kila baada ya kilomita chache na hazilipiwi, zikiwa na pampu za maji wakati wa msimu. Chukueni siku saba au nane, msifuate wanaojisifu kwa siku nne. Kutoka Georgetown hadi Nationals Park kumebaki safari fupi ya mjini.

*Tunapanga kufika Toronto pia. Mimi kesi yangu ya hifadhi Marekani haijaamuliwa. Nitapata shida mpakani?*

Usivuke. Kutoka nje ya Marekani wakati kesi haijaamuliwa, bila kibali cha kusafiri kilichotolewa mapema, kunaweza kuhesabiwa kwamba umeiacha. Kuna wakili wa kuzungumza naye. Usimsikilize mwenzako wa kikundi anayesema yeye alipita. Wasindikize hadi Buffalo, uwasubiri huko.

Wengine: mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani aonyeshe kadi yake pamoja na pasipoti iliyo hai. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo asiye na ukaazi huo anahitaji viza ya Kanada. Daraja la Peace Bridge kati ya Buffalo na Fort Erie linavukika kwa baiskeli.

*Mkoba wa mgongoni unaruhusiwa uwanjani?*

Mara nyingi hapana. Sheria hutofautiana uwanja kwa uwanja, nazo ziko kwenye tovuti ya kila timu. Fika kwanza unapolala, acha mizigo, oga, kisha nenda. Kisu kidogo cha kwenye seti ya spana nacho kitakuzuia getini. San Francisco ndiyo inayowajali wapanda baiskeli: Oracle Park ina maegesho ya bure yenye mlinzi siku za mchezo. Kwingineko beba kufuli la chuma, si waya.

*Mume wangu ataendesha kutoka Chicago hadi Milwaukee na Minneapolis. Naogopa. Nimkataze?*

Dada yangu, siwezi kuingia kati yenu. Lakini mwulize jambo moja: michezo aliyokata tiketi inaanza saa ngapi? Mingi huanza karibu saa moja jioni. Hata baada ya kanuni mpya za mwaka 2023 kuifupisha, mchezo huchukua zaidi ya saa mbili na nusu. Anatoka uwanjani karibu saa nne usiku, pamoja na maelfu ya madereva, na baadhi yao wamekunywa bia. Hiyo ndiyo saa ninayoiogopa mimi kuliko milima yote. Achague michezo ya mchana. Kama ni ya usiku, alale karibu na uwanja na atembee kwa miguu. Minneapolis ni nafuu, maana njia ya baiskeli ya Cedar Lake hupita ubavuni mwa Target Field, uwanja wa huko. Akikubali hayo, mpe baraka zako.

*Nimefika Denver na natweta kama mgonjwa. Ni nini?*

Ni kimo. Uwanja wa Coors Field una safu ya viti vya zambarau inayoonyesha mahali palipo maili moja juu ya bahari, mita 1,609. Pumzika siku mbili, kunywa maji, usianze kupanda milima kesho. Ukiumwa kichwa bila kupona, nenda kwa daktari.

*Oakland bado ni lazima kwenye orodha?*

Timu iliondoka baada ya msimu wa 2024 na sasa inacheza West Sacramento ikisubiri uwanja mpya wa Las Vegas. Orodha za miaka iliyopita zitupeni.

*Niko Kampala. Mnawahangaisha watu na mchezo wa Wamarekani. Sisi besiboli inatuhusu nini?*

Inakuhusu wewe kuliko wengi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walicheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikanyimwa viza. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, akiwa na Pittsburgh. Ningependa kuona kikundi kimoja cha baiskeli kikichangishia glavu na mipira ya watoto wa Uganda. Anayetaka aniandikie, hilo nitalijibu kwa urefu.

*Kutoka St. Louis hadi Kansas City kuna njia ya salama?*

Ipo kwa sehemu kubwa. Katy Trail, njia ya baiskeli, huanzia Machens, kaskazini mwa St. Louis, ikafuata mto Missouri. Ukifika Windsor ingia tawi la Rock Island hadi Pleasant Hill. Kutoka hapo hadi Kauffman Stadium ni barabara zenye magari, kwa hiyo ulizeni klabu za baiskeli za Kansas City ipi ina ukingo mpana, na mwingie asubuhi.