Jibu: Ishmaeli alitahiriwa, mbona agano likaenda kwa Isaka?

Ndugu, swali lako ni zuri: kama Ishmaeli, mwana wa kwanza wa Ibrahimu, naye alitahiriwa, mbona agano la Mungu likaenda kwa Isaka, mdogo wake? Isome Mwanzo 17 taratibu. Amri ya tohara ilimhusu kila mwanamume wa nyumba ya Ibrahimu, hata mtumwa aliyenunuliwa kwa fedha kutoka kwa wageni. Yaani ishara ilikuwa ya nyumba nzima, ila ahadi ya uzao ilipita kwa mmoja. Ibrahimu mwenyewe alimwombea Ishmaeli. Mungu akamjibu kwamba kijana atabarikiwa na kuzaa wakuu kumi na wawili, lakini agano ni la Isaka, ambaye hata mimba yake ilikuwa bado.

Na baada ya kuambiwa hivyo, Ibrahimu hakumwacha mwanawe nje. Walitahiriwa siku ileile, mzee wa miaka 99 na kijana wa 13 (na ganzi haikuwapo!).

Kwa hiyo mimi siafiki wanaosema tohara ndiyo iliyompa mtu urithi. Asiyetahiriwa alikatiliwa mbali na watu wake, Mwanzo 17:14 iko wazi, lakini kutahiriwa tu hakukutosha. Yeremia 9:25-26 anaiweka Yuda kwenye orodha moja na Misri, Edomu, Amoni na Moabu, yaani waliotahiriwa mwilini tu, ambao Mungu anasema atawaadhibu.