Trela ya thrila: uza swali, jibu kaa nalo

Mkuu, umesema mmepewa kazi chuoni ya kutengeneza trela ya dakika moja na nusu ya thrila, yaani filamu ya kumweka mtu roho juu, mwalimu anataka kanuni za janra, vile vitu vinavyofanya filamu ya aina hiyo itambulike, zionekane, mna simu tu, na wenzako kwenye grupu wanataka bastola na magari meusi. Hiyo kazi nimeifanya nikiwa chuo hapa Dar na mpaka leo madogo wananiletea trela zao niwaeditie, so nakujibu kwa nilichoona, ni ndefu kidogo vumilia.

Bastola achaneni nayo. Ya plastiki kwenye kamera inaonekana ya plastiki, na mkionekana nayo mtaani mtatoa maelezo polisi mpaka jioni. Halafu thrila yenyewe haihitaji silaha, inahitaji mtu asubiri jambo baya huku akiliona linakuja. Hitchcock, yule mwongozaji maarufu wa thrila, alikuwa anaeleza kwa bomu chini ya meza: watu wanapiga stori, bomu linalipuka ghafla, mtazamaji anashtuka mara moja basi imeisha, lakini ukimwonyesha bomu mapema halafu ukawaacha wale watu waendelee na stori zao, hapo anateseka muda wote.

Sasa hizo kanuni, yaani muda unaoisha, mtu wa kawaida aliyeingia kwenye mambo asiyoyajua, adui ambaye sura yake hatuioni, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, muziki unapanda halafu kimya, msizikwepe eti mnataka kuwa tofauti. Bila hizo sekunde za mwanzo mtu hajui anaangalia nini, anaweza kudhani ni tangazo la semina. Cha kufanya ni kuzivalisha vitu vya kwenu.

Mfano sisi muda unaoisha hatukuweka saa ya ukutani, tuliweka luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inayolia umeme ukikaribia kuisha. Dada kajifungia chumbani kwenye nyumba ya kupanga, usiku, anampigia kaka yake hapokei, na luku inalia. Kila Mtanzania akisikia ule mlio anajua giza linakuja, huna haja ya mtu kusema chochote. Umeme keshanunua kwa simu, token anayo, yaani zile namba 20 za kubonyeza kwenye mita, zote zipo kwenye meseji, ila mita ipo nje kwenye ukuta wa baraza na yeye nje hawezi kutoka. Kwenye editi tulikata picha kwa kufuata mlio, mwanzoni shoti zinakaa, baadaye zinakimbizana, mpaka umeme unakatika, skrini nyeusi, kimya. Halafu ndani ya hilo giza unasikia vibonyezo vya mita vinabonyezwa taratibu kimoja kimoja, na dada bado yuko ndani. Jina la filamu, mwisho. Nani anabonyeza na token kaipata wapi hatukusema, na ndicho watu walichokuja kutuuliza.

Utaona pale kazi kubwa imefanywa na sauti. Msitegemee maiki ya simu iliyoko mbali na mtu, chukua simu ya pili iweke karibu kabisa na kitu kinacholia, zima feni, rekodi kila sauti peke yake: kitasa, ndala kwenye sementi, vibonyezo. Maneno yawe machache sana. Nimeona trela ya wanafunzi steringi anaeleza stori nzima kwenye simu na mjomba wake, sasa hapo filamu nani ataenda kuangalia?

Na kwa vile filamu yenyewe hamna, mna uhuru ambao hamuutumii. Trela sio lazima iwe vipande vya sini. Ya Psycho, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1960, Hitchcock mwenyewe anatembeza watu kwenye ile nyumba na moteli kwa zaidi ya dakika sita, na yule anayepiga kelele bafuni pale mwishoni ni Vera Miles, wakati kwenye filamu anayeuawa bafuni ni Janet Leigh. Kwa hiyo pigeni shoti kwa ajili ya trela tu, hamna mtu atakayewadai.

Mwanga: umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, ukirekodi fremu 30 kwa sekunde chini ya tyubulaiti au balbu za bei chee picha inachezacheza. Weka fremu 25 na shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, kama kamera ya simu haikubali kuna app ya Blackmagic Camera ni ya bure. Usiku wa kweli kwenye simu ni chengachenga tupu, nje pigeni jioni jua likishazama tu, mshushe mwanga kwenye editi. Ila huku kwetu giza linaingia faster, mazoezi yote yaishe kabla, mkianza kubishana nani asimame wapi mmekosa siku. Muziki chukueni maktaba ya bure ya YouTube, msiibe.

Kwenye ripoti ya mwalimu usiorodheshe kanuni kama msamiati, chukua mbili tatu useme kila moja inamfanya mtazamaji asubiri nini, na wapi mmeigeuza na kwa nini.

Kama skripti ipo itupie hapa tuione, na useme mnapigia hosteli au nyumba ya kupanga maana hosteli mambo ya mita na mwanga ni mengine kabisa.