Maswali yenu ya mwezi huu: unene unarithiwa kweli?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuhusu kilo, za watoto na za wakubwa, na karibu zote zina swali lile lile ndani yake: hii ni damu ya ukoo au ni sahani? Nimechagua chache, nyingine nilizifupisha.

Swali: Habari dokta. Nina mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, wana miezi 10. Walizaliwa Kulwa kilo 2.6 na Doto 2.5, yaani karibu sawa. Leo Kulwa ana kilo 10.4, Doto 7.8. Wananyonya wote, uji ni wa sufuria moja. Kulwa akisikia tu bakuli linagongwa anaanza kurusha miguu, akimaliza lake analilia la mwenzake. Doto akila vijiko vitano sita anafunga mdomo anageuza shingo, ukimlazimisha anatema. Mama mkwe anasema nambagua mtoto wa kike na ameshawaambia mpaka majirani. Naumia sana. *Mama mapacha, Morogoro*

Jibu: Pole sana mama mapacha. Kwanza kilo 7.8 kwa binti wa miezi 10 ni uzito wa kawaida kabisa, na kaka yake yuko upande wa juu ila naye bado yumo ndani ya kawaida, kwa hiyo hapo hakuna mgonjwa na hakuna aliyebaguliwa.

Sasa kwa nini wamepishana hivyo. Wako ni mapacha wa mayai mawili, lazima, maana mmoja wa kiume mwingine wa kike, na mapacha wa namna hiyo vinasaba vyao vinafanana kwa wastani nusu tu, sawa na ndugu wengine wa tumbo moja. Walipozaliwa tofauti haikuonekana kwa sababu uzito wa kuzaliwa unategemea sana mambo ya tumboni, mama amekula nini, kondo la nyuma linafanyaje kazi, kuna sukari au presha, mimba imefika wiki ya ngapi. Jeni za uzito zinaanza kujionyesha baadaye na njia yake kubwa ni njaa. Watu wengi wanafikiri kurithi unene ni kurithi mafuta, au mwili unaochoma chakula polepole, lakini jeni nyingi za uzito zilizogunduliwa zinafanya kazi kwenye ubongo, pale panapoamua nina njaa au nimeshiba. Kwa hiyo ulivyomweleza Kulwa na lile bakuli, na Doto na ile shingo, umeeleza jeni zikiwa kazini.

Uingereza kuna utafiti unaitwa Gemini ulifuatilia familia zaidi ya 2,400 za mapacha waliozaliwa mwaka 2007. Wakaangalia mapacha wa mayai mawili, wanaoishi nyumba moja kama wako, ambao mmoja anavutwa na chakula kuliko mwenzake. Yule mwenye hamu alikuwa mbele kwa karibu gramu 650 akiwa na miezi 6, na karibu kilo nzima akiwa na miezi 15. Hiyo hamu ilionekana tangu wakiwa wanatumia maziwa tu, kabla hata hawajaujua uji.

Cha kufanya: Doto usimlazimishe. Mtoto anayejua kusema nimeshiba ana kitu kizuri na ukimbana mdomo kila siku atakichukia chakula, wewe mpe kidogo kidogo mara nyingi, uji uwe mzito na uwe na karanga au mafuta kidogo. Kulwa naye akimaliza lake mchezeshe kwanza, asipewe la dada yake kila akilia. Halafu shika kadi ya kliniki. Usiwalinganishe wao kwa wao, angalia kila mmoja mstari wake unapanda. Mstari wa Doto ukilala miezi miwili mfululizo au ukishuka nenda kliniki siku hiyo hiyo. Na mama mkwe mchukue uende naye siku ya kupima, nesi amwonyeshe mwenyewe.

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni binti wa chuo, miaka 19. Shule ya msingi nilikuwa mwembamba mpaka naitwa njiti. Kuanzia kidato cha pili nikaanza kunenepa, sasa nimefanana umbo na mama na mashangazi zangu wote. Nimejaribu kula mara moja kwa siku lakini wapi. Kama ni jeni mbona hazikuonekana nikiwa mdogo? *Binti, Dodoma*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hili swali lako ndo zuri kuliko yote niliyopokea, maana watu wengi wanadhani cha kurithi lazima kionekane tangu siku ya kuzaliwa.

Unene wa kawaida hauletwi na jeni moja. Ni mamia na maelfu ya sehemu ndogo ndogo za vinasaba, kila moja inasukuma gramu chache tu, na zinajumlishana. Mwaka 2019 watafiti wa Boston walitoa hesabu inayojumlisha sehemu zaidi ya milioni 2, wakaijaribu kwa watu zaidi ya 300,000, wakiwemo watoto wa eneo la Bristol kule Uingereza waliofuatiliwa tangu kuzaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakawatenga asilimia 10 wenye mzigo mkubwa wa hizo jeni na asilimia 10 wenye mzigo mdogo. Siku ya kuzaliwa hayo makundi mawili yalipishana gramu kama 60, yaani hakuna kitu. Wakiwa na miaka 8 wakapishana kilo 3 na nusu. Wakiwa na miaka 18, kilo 12! Jeni ni zile zile, hazikuongezeka, ila zilikuwa zinasukuma kidogo kidogo kila siku kila sahani mpaka miaka ikajumlisha. Hata jeni ya FTO iliyotangazwa mwaka 2007, ambayo wenye nakala mbili za ile aina yake ya kunenepesha walikuwa na wastani wa kilo 3 zaidi, haikuonekana kwenye uzito wa kuzaliwa, ilianza kuonekana kwa watoto wa miaka 7.

Halafu kuna jambo la nani anashika kijiko. Ukiwa mdogo mama ndo anapakua, anaamua saa ngapi na kiasi gani, ukiwa mkubwa unajipakulia, una hela yako ya chipsi, na njaa yako ya kurithi inapata nafasi. Utafiti mkubwa wa mapacha kutoka nchi mbalimbali, wa mwaka 2016, uliona mchango wa kurithi uko chini kabisa kwenye miaka 4, kama asilimia 40, halafu unapanda mpaka karibu asilimia 75 kwenye miaka 19. Hapa naomba nieleweke vizuri maana watu hupotoshana, asilimia 75 haimaanishi robo tatu ya kilo zako umepewa na mama. Maana yake ni kwamba ukiwachukua watu wa jamii moja wanaopishana uzito, sehemu kubwa ya kule kupishana inatokana na vinasaba. Na kubalehe kwa msichana kunaongeza mafuta ya nyonga na mapaja, hiyo ni kawaida.

Kuhusu kula mara moja, acha. Mafuta ya mwili yanatoa homoni inaitwa leptini, inauambia ubongo akiba ipo. Ukijinyima ghafla leptini inashuka, ubongo unajua kuna njaa ya nchi na unakupandishia hamu mara mbili, ndo maana jioni unakula cha asubuhi na cha mchana kwa pamoja. Kula milo yako mitatu, punguza soda na vya kukaanga, tembea, na vile vidonge vya kukata tumbo vinavyouzwa mtandaoni usiviguse kabisa. Kapime presha na sukari. Kama hedhi zinaruka miezi au ndevu zinaota kidevuni mwone daktari, maana huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine unaotibika. Na ukiwa na umbo la shangazi zako hujamkosea mtu yeyote.

Swali: Daktari, kwetu kuanzia babu wote ni watu wazito. Mimi ni dereva wa lori, miaka 41, kilo 118. Nimeamua kukubali tu, mambo ya damu huwezi kubishana nayo. Ama nimekosea? *Dereva, Mombasa*

Jibu: Kukubali kwamba hukujitakia, hapo sawa kabisa. Denmark mwaka 1986 waliangalia watu walioasiliwa na kulelewa na wazazi wasiowazaa tangu wadogo, wakakuta uzito wao unafanana na wa wazazi waliowazaa, sio waliowalea. Kwa hiyo damu ipo, ndugu yangu.

Lakini usiishie hapo. Kuna kabila la Wapima, wengine wako Arizona Marekani, wengine walibaki milimani Mexico kijiji cha Maycoba. Damu moja. Wa Mexico walikuwa wakulima, kazi ya mikono, chakula mahindi na maharage na viazi. Wa Arizona gari na vyakula vya dukani. Mwaka 1994 walipopimwa wa Mexico walikuwa wepesi kwa wastani wa kilo 26, na kwenye upimaji uliotangazwa mwaka 2006 kisukari Arizona kilikuwa asilimia 38, Maycoba haikufika hata 7. Na hiyo FTO niliyomtajia binti wa Dodoma, kwa watu wazima zaidi ya 218,000 waliochunguzwa, wanaofanya mazoezi nguvu yake ilipungua kwa karibu asilimia 27. Yaani jeni inahitaji mahali pa kuotea, na kiti cha lori na chapati tatu na chai ya maziwa yenye sukari kila kituo ni mahali pazuri sana pa kuotea.

Anza na chai, sukari toa. Ukisimama kupumzika zunguka lori lako dakika 20 kabla hujaagiza chakula. Lengo liwe kilo 6 au 7 kwanza, achana na kuwa mwembamba, hizo 6 tu presha na sukari zinazihisi. Na kwa umri wako na ukoo wako pima sukari kila mwaka.

Swali: Nikapime DNA ya uzito kwa mate, nilipie? *Msomaji, Muscat*

Jibu: Hela yako itunze. Hesabu ya jeni ya mwaka 2025, ya namna ile ile ya Boston, iliyotumia taarifa za watu zaidi ya milioni 5, ilieleza asilimia 17.6 ya tofauti za uzito kwa watu wenye asili ya Ulaya, ila kwa Waganda wa vijijini asilimia 2.2 tu. Wengi waliopimwa ni Wazungu, na hilo linaniuma, kwa hiyo kwa mtu mwenye asili ya huku majibu yatakuwa ya kubahatisha.

Swali: Mwanangu, nina mjukuu wa miaka 3, ana kilo 27. Alipozaliwa alikuwa mlegevu, hawezi kunyonya, tukamlisha kwa kijiko miezi. Sasa hashibi, anaamka usiku anafukua jikoni, juzi nimemkuta anakula unga mbichi. Watu wanasema nimemdekeza. *Bibi, Tanga*

Jibu: Shikamoo bibi. Hujamdekeza, na huyu si wa kungoja.

Wapo watoto wachache ambao jeni moja tu, au kipande kimoja cha vinasaba, kikiharibika njaa haizimiki kabisa. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge walieleza watoto wawili, binamu, mmoja miaka 8 ana kilo 86, mwingine miaka 2 ana kilo 29, wote walizaliwa na uzito wa kawaida. Miili yao haikuwa inatengeneza leptini. Walipoanza kudungwa leptini njaa ikatulia na kilo zikashuka. Hao ni wachache mno duniani. Ila mtoto aliyezaliwa mlegevu akashindwa kunyonya halafu baadaye akageuka asiyeshiba, daktari anatakiwa kuufikiria ugonjwa wa Prader-Willi, unaotokana na hitilafu kwenye kromosomu namba 15. Mtoto wa hivyo ukimchapa kwa kuiba chakula unamwonea.

Mpeleke hospitali ya rufaa kwa daktari bingwa wa watoto, ubebe kadi ya kliniki tangu kuzaliwa na umweleze ule ulegevu na kile kijiko, usiache hata kidogo maana ndo kitu atakachokitafuta. Muombe ampime urefu pia, mtoto mnene halafu mfupi kuliko wenzake anahitaji vipimo vya homoni. Huku nyumbani jiko na kabati vifungwe kwa kufuli, saa za kula ziwe zile zile, na majirani waambiwe wasimpe kitu.